Shingo Haiponi kwa Kufungwa

Sura ya Sita

Ukitaka kujua shingo za watu wa Uvira huumia wapi, ifuate barabara ya taifa namba 5. Upande wa kaskazini inakata tambarare ya Ruzizi, Sange, Luberizi, Luvungi, mpaka Kamanyola na kona za Ngomo kuelekea Bukavu. Upande wa kusini inaambaa na ziwa kupitia Makobola na Mboko hadi Baraka. Juu yake hupita basi dogo lenye mabenchi yasiyo na egemeo la kichwa, lori la mihogo lenye abiria juu ya magunia, na pikipiki iliyobeba baba, mama na mtoto katikati, wote vichwa wazi. Dereva akikamata breki ghafla, na gari la nyuma likaligonga la mbele penye kizuizi, kiwiliwili husukumwa na kichwa huachwa nyuma. Kisha kichwa hufuata kwa kishindo.

Barabara haina lawama yote. Bandarini Kalundu wapo wapakuzi wa magunia na saruji. Mitaa ya juu, Kasenga au Kimanga, wasichana hupanda na bidoni la lita 20 kichwani. Wanawake washukao milimani huleta kuni na makaa mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Wavuvi wa ndagala hukesha wameinama juu ya nyavu. Siku moja mmoja wao anaitwa kwa nyuma, anageuka ajibu, na shingo inagoma.

Hapo huanza safari ya gharama: sindano ya duka la dawa, picha ya eksirei, kola ya kufunga shingo, mkandaji, halafu nauli ya Bujumbura au Bukavu ikiwa mpaka wa Kavimvira uko wazi na vita havijaikata barabara. Ndugu huchangishana wakiamini kwamba tiba ya kweli iko mbali na ni ghali. Tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1990 zinasema vingine. Shingo zilizotikiswa, kwa wingi wake, hazingojei mashine ambazo Uvira haina. Zinahitaji mtu wa kuzitenga zile chache za hatari, na kazi hiyo huanza kwa maswali na vidole. Zilizobaki zinataka maelezo mazuri, nafuu ya maumivu, na kusogezwa mapema.

Ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde

Shingo ina pingili 7. Zimebeba kichwa ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5, na katikati yake umepita ugwe mgongo, njia kuu ya fahamu kutoka ubongoni kwenda mikononi, kifuani na miguuni. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini upande wa mbele, na viungo viwili vidogo upande wa nyuma. Kano na misuli ndizo zinazoshikilia jengo hilo lisimame.

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, akiwamo Manohar Panjabi, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa shingo za maiti wakiiga gari lililogongwa kwa nyuma. Waliona kwamba katika nukta ya mwanzo kabisa shingo haipindi yote kwa pamoja. Pingili za chini hukunjwa kwenda nyuma huku za juu zikiinama mbele, hata shingo nzima ikachora umbo la herufi S. Yote hayo hutokea ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla misuli haijapata habari ya kujikaza. Viungo vidogo vya nyuma hubanwa, vifuko vyake huvutika, na kano huweza kuchanika kidogo.

Ndiyo maana mtu hushuka kwenye gari akitembea, akasaidia hata kusukuma, akaenda kulala mzima. Uvimbe huchukua saa kadhaa kujijenga. Asubuhi anaamka hawezi kutazama begani. Kichwa kinamgonga kuanzia kisogoni, mabega yamekaza, pengine ana kizunguzungu. Karatasi ya hospitali itaandika kwa Kifaransa *entorse cervicale*. Katika sura hii tutasema mtikiso wa shingo.

Kutenga shingo za hatari

Swali la kwanza baada ya ajali si dawa gani inafaa, bali kama mfupa umevunjika au pingili imehama. Mfupa uliovunjika bila kuhama unaweza kuhamishwa na waokoaji wenyewe. Kosa linalojulikana kwenye barabara zetu ni kumwinua majeruhi kwa mikono na miguu, kichwa kikining'inia, kisha kumkalisha kwenye pikipiki akiwa amebanwa kati ya dereva na ndugu. Mtu aliyekuwa na ufa tu shingoni anaweza kufika hospitali amepooza.

Kama hapana moto, mafuriko wala risasi, mwacheni alale palepale mpaka mjipange. Mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kwa viganja viwili, masikio yakae katikati ya mikono yake, pua ielekee mbele sawasawa na kitovu. Hamvuti wala hamzungushi. Ikibidi kumgeuza, wengine watatu wamshike bega, nyonga na goti, na wote wamzungushe kwa hesabu ya mmoja, kichwa na mwili kwa pamoja. Vitenge viwili vilivyoviringwa vikawekwa kushoto na kulia kwa kichwa vitamtuliza. Ubao au mlango uliong'olewa ni machela tosha. Tafuteni gari analoweza kulazwa, hata likichelewa; pikipiki si chombo cha kumbebea mtu wa namna hii.

Hospitalini, muuguzi au daktari ana chombo kisichotumia umeme. Mwaka 2001 kundi la Ian Stiell nchini Kanada lilichapisha kanuni ya kuamua ni nani anahitaji picha ya shingo. Waliipima kwa wagonjwa 8,924 waliokuwa na fahamu kamili baada ya kuumia. Kati yao 151 walikuwa na jeraha kubwa la shingo, na kanuni haikumkosa hata mmoja. Ni maswali matatu, yanayoulizwa kwa mpangilio.

La kwanza: kuna dalili ya hatari kubwa? Umri wa miaka 65 na kuendelea ni hatari. Ganzi au kuwashwawashwa mikononi au miguuni ni hatari. Namna ya ajali nayo inahesabiwa: kuanguka kutoka kimo cha mita 1 au zaidi, gari kupinduka, mtu kurushwa nje, mwendo wa kasi sana, kugongwa akiwa juu ya baiskeli, au nguvu iliyokuja moja kwa moja utosini. Hii ya mwisho itawahusu kijana aliyeruka kichwa mbele kwenye maji mafupi ya ziwa na mpakuzi aliyeangukiwa na gunia. Pikipiki nayo iingizwe humo bila mjadala. Ikipatikana dalili moja, mgonjwa apigwe picha.

La pili: kuna jambo la kutia moyo? Kwa mfano, aligongwa kwa nyuma na gari dogo bila kusukumwa njia ya wengine, ameweza kuketi, alitembea wakati wowote baada ya ajali, maumivu yalichelewa kuanza, au mfupa wa katikati ya kisogo na shingo haumuumi ukibonyezwa. Lisipokuwapo hata moja, apigwe picha.

La tatu huulizwa likiwapo moja kati ya hayo: mgonjwa anaweza kugeuza kichwa mwenyewe digrii 45 kulia na kushoto, hata kama panauma? Akiweza, picha haihitajiki. Kanuni hii ni ya watu wazima wenye akili timamu wakati huo. Aliyelewa, aliyepoteza fahamu, au mtoto, hapimwi kwa njia hiyo.

Eksirei ikipigwa, ni lazima ionyeshe pingili zote 7 mpaka kiungo kinachoiunganisha ya mwisho na mgongo. Mabega ya mtu mnene huificha sehemu hiyo, na ndipo mivunjiko mingine hujificha. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, "Dokta, ya saba inaonekana?" Kama haionekani na dalili ni mbaya, hapo ndipo rufaa ya kutafuta kipimo cha skana ina maana, na pesa ya ukoo imepata kazi yake halali.

Kuna shingo nyingine za hatari zisizotokana na ajali. Shingo ngumu pamoja na homa na kichwa kikali ni homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe vingine. Huko ni kukimbia usiku huohuo. Shingo ngumu na taya lisilofunguka, kwa mtu mwenye kidonda, ni pepopunda. Maumivu yasiyolala usiku, pamoja na kukonda na jasho, yanaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili. Na mtoto aliyepewa metoklopramidi ya kuzuia kutapika, kisha shingo ikapinda na macho yakageukia juu, hajarogwa. Dawa imemdhuru, na huduma ya afya inaweza kumtuliza haraka.

Wiki za mwanzo: kusogeza

Mwaka 1995 kamati iliyoagizwa na shirika la bima ya magari la jimbo la Québec ilipanga mitikiso ya shingo katika madaraja. Daraja la kwanza ni maumivu na ukakamavu bila dalili ya kuonekana. La pili, shingo imepunguza mzunguko na ina sehemu zinazouma zikiguswa. La tatu, mishipa ya fahamu imeguswa: ganzi, mkono dhaifu, kani ya kiwiko imepotea. La nne ni mfupa uliovunjika au kuhama. La nne ni kazi ya hospitali kubwa, na la tatu lifuatiliwe na daktari kwa karibu. Sura hii kuanzia hapa inazungumzia mawili ya kwanza, ambayo ndiyo yenye watu wengi.

Kwa muda mrefu mtu wa madaraja hayo mawili alivishwa kola na kuambiwa apumzike. Mwaka 1998 madaktari wa Norwe walitoa matokeo ya kulinganisha makundi mawili: moja lilipewa kola na ruhusa ya siku 14, jingine likaambiwa liendelee na shughuli zake kama kawaida. Baada ya miezi 6 kundi lililoendelea na maisha ndilo lililokuwa na hali nzuri zaidi. Mwaka 2000 watafiti wa Uswidi wakaonyesha kwamba walioanza mazoezi madogo ndani ya siku 4 za mwanzo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa matunzo ya kawaida. Utafiti mkubwa zaidi wa Denmark, mwaka 2007, haukuona tofauti kati ya kola, mazoezi na ushauri wa kuendelea na kazi. Ukiyaweka yote mezani, hakuna penye ushahidi kwamba kola inamsaidia mtu kuliko kuachwa asogee. Ikivaliwa wiki kadhaa, misuli hudhoofika na mwenyewe hujifunza kuiogopa shingo yake. Anayeuziwa kola kwa mtikiso wa kawaida amenunua kitambaa.

Mazoezi yenyewe hayahitaji chumba wala kifaa. Keti wima, mabega yashuke. Geuza kichwa polepole kulia mpaka maumivu yaanze kukuzuia, rudi katikati, kisha kushoto. Waswidi wale waliwapa wagonjwa wao mizunguko 10 kila upande, kila saa wakiwa macho. Muuza ndagala sokoni anaweza kufanya hivyo akingoja wateja. Siku zikipita, ongeza mawili: vuta kidevu nyuma pole bila kuinamisha kichwa, hesabu hadi 5, achia, kisha kutanisha mabapa ya mabega nyuma, hesabu hadi 5, achia. Mara 10 kila moja, asubuhi na jioni. Kuuma kidogo wakati wa zoezi hakumaanishi kwamba kitu kinachanika. Maumivu yakishuka mkononi, au ganzi ikaongezeka, acha na ukaonwe.

Dawa ni ya kufungua njia ya kusogea. Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kwa mara moja, isizidi gramu 4 kwa siku, ndiyo ya kuanzia kwa mtu mzima mwenye ini zima. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, kwa siku chache, huweza kusaidia palipovimba; haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au shinikizo la damu lisilodhibitiwa, wala kwa mjamzito, hasa wa miezi ya mwisho. Kitambaa cha maji ya moto kikikandwa dakika 15 kabla ya mazoezi hulegeza misuli. Usilale kitandani mchana kutwa. Mto mmoja unaoijaza nafasi ya shingo unatosha. Mito mitatu huipinda usiku kucha.

Je, anayefanyiwa mengi hupona zaidi? Uingereza ililijaribu swali hilo kwa watu 3,851 waliofika idara za dharura, matokeo yakatoka mwaka 2013. Wale ambao bado walikuwa na shida baada ya wiki tatu hivi waligawanywa: wengine walipewa vikao hadi 6 vya fiziotherapia, wengine kikao kimoja cha ushauri. Vikao vingi vilileta nafuu ndogo kwenye mwezi wa 4, kisha makundi yakalingana. Kwa mama wa Uvira ambaye kila kikao kinamgharimu nauli na siku ya biashara, hesabu hiyo ina uzito: kikao kimoja kizuri, na mazoezi yanayofanywa nyumbani kweli, vinambeba karibu njia nzima.

Sindano, mkandaji, na mganga wa mifupa

Watu wengi wa pwani hii hawaamini kwamba wametibiwa mpaka wachomwe. Sindano ya diklofenaki ni dawa ya kundi lilelile la ibuprofeni. Ikipitia takoni haiijui shingo zaidi ya kidonge kipitacho tumboni. Ikichomwa pasipostahili huweza kuupata mshipa mkuu wa fahamu wa mguu, na mtu aliyekwenda kutibu shingo akarudi akiburuta wayo. Deksamethasoni, inayopendwa kwa sababu hutuliza upesi, ikirudiwarudiwa hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kufungulia maambukizo mlango. Tramadoli ina mahali pake kwa siku chache, kwa cheti cha daktari. Nje ya hapo hugeuka uraibu.

Mkandaji mwenye mawese au mafuta mengine, anayesugua mabega na misuli ya pembeni ya shingo kwa utaratibu, hana ubaya. Mikono yake huleta nafuu ya saa au siku, na nafuu hiyo itumiwe kufanyia mazoezi. Mpaka wake ni huu: asishike kidevu na kisogo akavipindua ghafla mpaka shingo ialike. Ndani ya pingili hizo hupanda mishipa miwili ya damu iendayo nyuma ya ubongo, na ukuta wake ukichanika mtu anaweza kupata kiharusi. Hata wataalamu waliosomea jambo hilo hutanguliza uchunguzi. Baada ya ajali, kabla mvunjiko haujaondolewa shaka, ni marufuku kwa yeyote.

Mganga wa mifupa ana heshima yake vijijini, na kwa sababu nzuri: yuko karibu, anasikiliza, hulipwa kidogo kidogo. Lakini mkono uliovunjika una nafasi ya kukosea, shingo haina. Wakunga wa jadi wa sehemu nyingi za Afrika walifundishwa dalili za kumpeleka mama hospitali, na hawa nao wanaweza kufundishwa yale maswali matatu. Chale na kuumika shingoni haviondoi chochote kilichoumia kwenye kiungo, na wembe ulioshirikiwa huacha ugonjwa mwingine.

Maumivu yakipita miezi mitatu

Nafuu kubwa ya mtikiso wa shingo huja katika miezi 2 au 3 ya mwanzo. Baada ya mwaka, takriban nusu ya watu katika nchi zilizochunguzwa zaidi bado husema wanasikia kitu shingoni, ingawa wengi wao wanafanya kazi zao. Wanaobaki na shida kubwa ni wachache, na hao ndio huzunguka hospitali wakitafuta picha itakayoeleza yote.

Picha mara nyingi huwapotosha. Mwaka 2015 watafiti wa Japani waliwapiga picha za sumaku watu 1,211 wasiokuwa na maumivu yoyote, na asilimia 87.6 walikuwa na kisahani cha shingo kilichotokeza. Kwa hiyo mtu wa miaka 50 akiambiwa "visahani vyako vimechakaa," ameambiwa umri wake. Sentensi hiyo ikisemwa vibaya humfanya aache kulima, na kuacha huko kunamdhuru kuliko kisahani.

Yaliyoumia mwanzoni huwa yamekwisha kufunga, ila mfumo wa fahamu umebaki macho, mithili ya mbwa anayeendelea kubweka baada ya mwizi kuondoka. Kinachouweka macho ni maumivu makali ya siku za mwanzo, usingizi mbovu, na hofu. Waliopatwa na mshtuko wa nafsi baada ya ajali, wakaota ndoto zake na kuiogopa barabara, hupona polepole zaidi. Katika eneo ambalo abiria huyohuyo aliwahi kukimbia risasi, au kupoteza nyumba mafuriko ya Aprili 2020 yalipoipiga Uvira, mhudumu asiyemuuliza mgonjwa juu ya usingizi wake ameiacha nusu ya ugonjwa.

Swali la kama maumivu haya ni ya kweli ni la zamani. Mwaka 1866 daktari wa upasuaji wa London, John Eric Erichsen, alichapisha mihadhara juu ya majeruhi wa treni waliolalamika mgongo bila jeraha la kuonekana, na mahakama zikagawanyika. Mwaka 1996 jarida la *Lancet* lilitoa uchunguzi wa Lithuania: watu 202 waliogongwa kwa nyuma mwaka mmoja hadi mitatu kabla hawakuwa na maumivu ya shingo zaidi kuliko majirani zao ambao hawakugongwa, katika nchi ambayo wakati huo fidia ilikuwa haitarajiwi. Jimbo la Saskatchewan, Kanada, lilipoondoa fidia ya maumivu mwaka 1995, madai yalipungua na kufungwa mapema. Wengine walisoma humo kwamba wagonjwa ni waongo. Ufahamu bora ni kwamba kesi ndefu humlazimisha mtu athibitishe kila siku kuwa bado anaumwa. Kongo, ambako kampuni ya taifa SONAS ilishika bima peke yake mpaka sheria ya mwaka 2015 ilipofungua soko, abiria wa kawaida wa basi dogo haingojei hundi. Anachopoteza kwa upande wa fidia, ambayo ni haki yake, hakimwongezei ugonjwa. Kinachomwongezea ni kurudi kubeba gunia siku ya pili kwa sababu watoto hawajala.

Tiba za kisasa zaidi zipo. Mwaka 1996 madaktari wa Newcastle, Australia, waliunguza kwa joto la mawimbi ya redio vijishipa vya fahamu vya viungo vidogo vya shingo kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini sana. Waliotibiwa walikaa siku 263 za wastani wa kati kabla nusu ya maumivu kurudi. Waliofanyiwa igizo, siku 8. Lakini wagonjwa wenyewe walikuwa 24 tu, na kazi hiyo hudai mtaalamu na vifaa vya picha. Upande mwingine, mwaka 2014 Australia hiyohiyo ilitoa jibu la bei nafuu: watu 172 wenye maumivu sugu, nusu wakipewa vikao 20 vya mazoezi, nusu wakipewa kikao kimoja cha ushauri cha nusu saa na ruhusa ya kupiga simu. Matokeo yalilingana.

Anayehitaji mtaalamu wa viungo anaweza kuanza kwa kuuliza Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, kilichozoea kazi ya kuwarudishia watu viungo vyao. Aende akiwa na swali moja: "Nifundishe nitakachofanya mwenyewe nyumbani."

Bomba la maji kama dawa ya shingo

Shingo isiyopata ajali huharibiwa na mzigo wa kila siku. Mwaka 2002 J. J. Echarri na F. Forriol walichapisha uchunguzi wa picha za shingo za Wakongomani wabeba kuni, wakaona uchakavu mwingi kuliko kwa wasiobeba. Baadaye Jo Geere na wenzake, katika Afrika Kusini, Ghana na Vietnam, walihusisha kubeba maji na maumivu ya shingo na mgongo. Bidoni la lita 20 likijaa ni kilo 20 juu ya pingili 7, mara kadhaa kwa siku, kuanzia utotoni.

Kwa anayelazimika kubeba, yapo ya kufanya. Kata iwe pana na bapa. Wawili wamtwishe na wawili wamtue, kwa maana shingo nyingi huumia wakati wa kuinua peke yake. Lita 10 mara mbili ni bora kuliko 20 mara moja. Msichana wa miaka 10 asibebe bidoni la mama yake. Mwenye kamba ya paji la uso aihamishie mabegani kila anapoweza. Aliyetikiswa shingo asibebe kichwani mpaka ageuke kulia na kushoto bila kuzuiwa, kisha aanze na nusu ya mzigo.

Uvira ina mfano wake mkubwa zaidi. Mji huu umesumbuliwa na kipindupindu kwa miaka mingi, na watafiti wa Chuo cha Usafi na Tiba ya Tropiki cha London waliichunguza mitambo ya Regideso, shirika la umma la maji. Mwaka 2015 walionyesha kwamba maji yakikatika, wagonjwa wanaofika kituo cha kipindupindu huongezeka. Mradi wa kupanua mabomba na vioski ukafuata. Faida yake ilipimwa kwa kuhara, na ni sawa. Lakini kila bomba lililokaribia nyumba limeshusha bidoni kutoka vichwani vya wanawake wa mtaa huo, na hakuna kidonge kinachoweza hivyo.

Barabarani nako kuna hatua zinazojulikana. Egemeo la kichwa, likiwa juu angalau kufikia ncha za juu za masikio na karibu na kisogo, husaidia kuzuia ile S. Mmiliki wa basi anaweza kulidai kwa fundi anaposhonesha viti vipya. Kofia ngumu ya abiria wa pikipiki huokoa kwanza ubongo, na ubongo ndio unaokufa kabla shingo haijapata nafasi ya kuuma.

Familia ikikaa kuchanga kwa ajili ya shingo ya ndugu yao, ipange hivi. Senti ya kwanza ni ya gari la kumlaza, si pikipiki. Ya pili ni ya mhudumu anayejua kuuliza yale maswali na kubonyeza mfupa. Ya tatu ni ya eksirei, kama majibu yameidai, na skana kama eksirei haikutosha. Ya nne ni ya parasetamoli. Ya tano imnunulie ndugu huyo wiki mbili za kutobeba mzigo mzito: imlipe kijana wa kumchotea maji, imfidie biashara ya asubuhi apate muda wa kugeuza shingo yake kila saa. Hii ya tano ndiyo familia nyingi huisahau kwa sababu haina risiti, na ndiyo inayomponya.